Manukato ya Chumba cha Nyuma

Nyumbani, 4 Machi

Kwako Wifi,

Salamu kwanza. Hunijui, nami sikujui ila kwa picha moja ya ukutani ambayo umekunja uso kana kwamba mpiga picha alikukanyaga. Mimi ndiye mke wa kaka yako. Tulioana miaka minne iliyopita, wewe ukiwa umeshaondoka miwili nyuma, na kadi tuliyokutumia ilirudi haijafunguliwa. Simu yako nayo haipokei namba yoyote ya nyumba hii. Anwani ya karakana unakochanganya manukato nimeipata kwa rafiki yako wa shule, baada ya kumshonea gauni na kumbembeleza hadi aibu ikaniisha.

Naomba niende moja kwa moja kwenye shida. Mimi ni mshonaji. Nashona sare za shule hapahapa sebuleni, na mwaka jana, mwezi wa saba, nilikuwa natafuta mahali pa kuweka vifungo. Nikafungua droo ya meza ya chumba cha nyuma, nikakuta chupa ndogo ya manukato isiyo na jina. Nilipoifungua nilitaka kukaa chini. Harufu tamu, laini, ya poda poda, ya mtoto aliyetoka kuogeshwa na kufungwa taulo. Kaka yako akaniambia uliyatengeneza wewe ulipokuwa bado unaishi hapa.

Mama anaipenda sana harufu hiyo. Pengine hukupata habari: macho yake yamekwisha, anaona mwanga na giza basi. Mwaka jana alipigwa na kiharusi. Mkono umerudi, mguu bado, na kichwa kinakwenda na kurudi. Harufu hiyo inamtuliza, na chupa imebaki na vidole viwili tu. Nakuomba unitengenezee nyingine ileile. Ni hilo tu, sina jingine.

Najua mawifi tunasifika kwa kuchokonoana, lakini sisi hata nafasi hiyo hatujaipata. Tuanze na hili.

Wifi yako,
mke wa kaka yako


Karakana, 11 Machi

Wifi,

Barua yako imefika. Nimeiweka kwenye rafu siku mbili kabla ya kuifungua, kwa sababu niliona muhuri wa posta ya kwetu nikadhani ni habari ya msiba.

Unasema Mama anaipenda harufu ile. Nimesoma hapo mara tatu. Ama tunazungumzia mama wawili, au kiharusi kimefanya kazi kubwa kuliko unavyoniambia. Sitauliza zaidi. Kaka ana mikono miwili, angetaka nijue habari za nyumbani angeandika yeye.

Kuhusu manukato, nikuambie ukweli wa kazi. Yale niliyachanganya nikiwa na miaka ishirini na mbili, kwa jicho, bila mizani, bila kuandika kipimo hata kimoja. Vanila nimeimwaga bila huruma. Miski nyepesi juu yake, na chini mizizi ya ua la airisi niliyoisaga mwenyewe, ndiyo inayotoa ile poda. Ni harufu ya blanketi. Haina mwanzo wala mwisho, inakukumbatia tu mpaka inakuchosha. Tajiri wangu hapa, mzee ambaye sote tunamwita Pua na mwenyewe anaitika, akikamata kitu cha namna hiyo mezani kwangu atanirudisha kuosha chupa.

Kwa hiyo nimekutengenezea iliyo bora. Familia ni ileile, utamu upo, ulaini upo, ila nimeupunguza uzito, nimeondoa ile poda, na nimeweka ganda la limau kidogo ili ipate kupumua. Hii hata ukienda nayo harusini hutaona aibu. Imeshakaa gizani wiki tatu na ushei, maana niliichanganya kwa mteja ambaye hakurudi. Itumie.

Asante kwa salamu. Sitarajii barua nyingine.

Wifi yako,
wa karakana


Nyumbani, 20 Machi

Wifi,

Chupa ilifika salama, na ni nzuri, sitakudanganya. Niliinusa nikajiona mtu na heshima zangu. Lakini nakuomba, kwa upole wote nilionao, usinitengenezee nzuri. Nitengenezee ileile.

Jumamosi niliona nibane ile ya zamani, nikajipaka mpya. Nikaingia kwa Mama na supu. Nilikuwa bado mlangoni akauliza, "Nani huyo?" Nikamwambia ni mimi. Akasema, "Wewe nani? Umeingiaje?" Nilipokaribia aliipiga sahani kwa mkono, supu ikaniunguza paja, akaanza kupiga kelele kwamba nyumba imeingiwa na watu. Jirani alikuja na ufagio. Nilioga, nikabadilisha nguo, nikapaka ya zamani, lakini ile ya limau ilikuwa bado inaning'ang'ania nyweleni. Siku mbili hakumeza chakula wala dawa ya presha. Siku ya tatu ndipo akakubali maziwa.

Sasa napima. Nimechora mistari kwa chaki ya kushonea ubavuni mwa chupa, tone moja kwa kila mlo, na kila mstari ni siku moja. Ikibidi nitampunguzia kuoga. Imebaki mistari kumi na tisa, na mmojawapo nimeuchora kwa matumaini kuliko kwa macho.

Ulisema hukuandika kipimo. Je, mkono hausahau? Mimi naweza kukata shati la mtoto wa darasa la tatu nikiwa nimefumba macho.

Kaka yako anakusalimu. Yuko safarini, fundi wa pampu haishi kuitwa, wiki mbili yuko huku na mbili yuko kule. Kuandika hakupendi, hata mimi wakati wa uchumba alinitumia barua moja, na ilikuwa na mistari minne.

Wifi yako,
mke wa kaka yako


Karakana, 24 Machi

Wifi,

Naona unanizunguka. Mgonjwa hampigi mtu sahani kwa sababu ya limau. Kuna kitu unakificha, na umekificha tangu barua ya kwanza. Sisi huku kazi yetu ni kujua kilichofunikwa na nini. Usijitie hamnazo.

Nitakueleza kwa nini nauliza, halafu na wewe utaeleza.

Sikuondoa poda kwa sababu ya Pua. Nilitumia jina lake kwa kuwa ni rahisi. Sijui kama kaka amekusimulia kifo cha Baba. Kifua kilikuwa kinambana tangu ujana wake, alikuwa na dawa ya kuvuta mdomoni. Mimi nilikuwa nimeacha chuo cha uuguzi, kazi aliyoifanya Mama, nikajifungia chumba cha nyuma na chupa zangu. Ile mizizi ya airisi ikikauka inakuwa migumu, naisaga kwa kinu cha mkono, na vumbi lake jeupe linatua kila mahali, kwenye pazia, kwenye kope. Baba alipenda kuja kukaa kwenye kiti mlangoni mwangu asubuhi, ananitania kwamba nasaga unga usiolika. Alifia kwenye kiti hicho. Nilikuwa nimempa mgongo, nasaga.

Siku ya maziko, mbele ya waombolezaji waliobaki uani, Mama alininyooshea kidole akasema, "Muulizeni huyu. Poda zake ndizo zilizomziba baba yake kifua." Hakuna aliyeniuliza kitu. Waliniangalia tu, na mikono yangu ilikuwa inanukia vilevile. Siku ya tatu niliondoka.

Miaka sita sijausaga mzizi ule. Nikiagizwa manukato yenye poda nampa mwenzangu. Hata leo sijui kama Mama alisema kweli. Nimeuliza madaktari wawili, mmoja akasema haiwezekani, mwingine akasema inategemea. Ninaishi na jibu la huyo wa pili.

Sasa mwanamke aliyesema maneno yale unaniambia anatulizwa na kitu kilekile. Niambie kwa nini. Bila hivyo sikitengenezi. Na ujue siku zinakwenda: kwa kuwa sina kipimo nahitaji matone ya chupa ya zamani ili nilinganishe, na nikishachanganya lazima yakae gizani wiki tatu ndipo yatulie. Hayaharakishwi.

Wifi yako,
wa karakana


Nyumbani, 29 Machi

Wifi,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, nikakaa. Kaka yako alinieleza kwamba mligombana na Mama siku ya maziko. Kwamba ni maneno hayo hakusema, na siku ile hakuyasikia mwenyewe, alikuwa kaburini na wanaume. Sasa inabidi nimwage yote, na ukishayasoma utanichukia. Nimejiandaa.

Mama anadhani mimi ni wewe.

Ilianza siku ileile ya vifungo. Nilijipaka tone mkononi kwa udadisi tu, nikaenda kumpelekea supu. Alikuwa amegoma kula siku mbili, ananiita mtumishi, ananiambia niite watu wa maana. Nilipomsogezea kijiko alinidaka mkono, akaupeleka puani, akakaa nao hivyo muda mrefu. Kisha akasema, "Kinda wangu. Umerudi." Mimi hata sikulijua jina hilo, baadaye ndipo kaka yako aliponiambia ni lako la utotoni. Nilitaka ameze supu. Nikamwambia, "Ndiyo, Mama." Akala, akaniomba nyongeza.

Nilidhani ni uongo wa siku moja. Umekuwa wa miezi minane. Namwogesha nikiwa wewe, namlisha nikiwa wewe, nikitoka chumbani narudi kuwa mimi na sare zangu. Kaka yako anajua. Kila akirudi anasema mtakuja kuumbuka nyie, halafu anafunga begi lake la spana anaondoka.

Hilo ni nusu. Nusu ya pili imenikaa kooni tangu mwezi wa nane.

Nilikuwa namwosha mgongo. Akili siku hiyo ilikuwa imetulia kabisa, alinitajia hata tarehe. Akaniambia: "Kinda, baba yako hakufa kwa kifua. Daktari aliniita asubuhi ile kabla ya maziko akaniambia ni moyo, ulisimama ghafla, na ungesimama popote alipokuwa. Nilijua nilipokunyooshea kidole. Nilikuwa na hasira kwamba alifia mlangoni kwako na si kwangu. Niliona vibaya kwamba wewe ndiye uliyekuwa karibu." Akalia, maji yanamtiririka, akasema, "Nisamehe. Sitaki kufa hujanisamehe."

Wifi, ningefanya nini? Mwanamke yule alikuwa uchi, kipofu, ananitetemekea mikononi. Nikamwambia, "Nimekusamehe, Mama."

Tangu siku ile analala usingizi wa kweli.

Nilishika kalamu mara nyingi nikuandikie. Kila nikianza naona siwezi kukuambia la Baba bila kukuambia kwamba nimejifanya wewe. Nikaogopa. Sikujua unatembea na mzigo wa namna hiyo, na kama ningejua, sina hakika ningekuwa jasiri zaidi. Nakuambia hivi ili usinipe sifa nisizostahili.

Ndani ya bahasha kuna kitambaa cheupe, nimekifunga kwenye nailoni mara mbili. Nimedondoshea matone matatu. Ni milo ya siku moja. Imebaki mistari tisa.

Wifi yako


Karakana, 2 Aprili

Wifi,

Nimesoma barua yako mara moja. Sitairudia.

Tangu mwezi wa nane. Miezi saba unajua kwamba sikumuua baba yangu, na ukaniandikia habari za vifungo.

Umeniuliza ungefanya nini. Ungeweza kusema, "Mama, ngoja nimwite." Maneno matatu. Badala yake ulichukua kitu kilichokuwa changu ukakigawa bafuni. Mimi sikuwa nimeamua kumsamehe. Pengine nisingemsamehe kamwe, na hiyo ingekuwa haki yangu, maana mimi ndiye niliyenyooshewa kidole. Sasa mwenzangu amelala usingizi wa kweli, kama unavyosema, na mimi ndiyo kwanza najua kwamba alikuwa anasema uongo makusudi, watu wamejaa uani.

Leo nimekosea mizani mara mbili, na Pua amenipeleka nyumbani. Hajawahi.

Kitambaa kimefika. Usiniandikie mpaka nikuandikie mimi.

Wifi yako


Nyumbani, 9 Aprili

Wifi,

Umesema nisiandike. Naandika.

Chupa imekwisha Jumapili. Nilisuuza na maji ya vuguvugu nikapata siku moja zaidi. Leo ni siku ya pili Mama hajaweka kitu mdomoni. Dawa anazitema. Muuguzi wa zahanati alikuja kumwekea maji ya mshipani, akaing'oa sindano kwa meno. Presha yake muuguzi alipoisoma alinitazama tu, akaisoma tena. Amesema siku tatu, nne, na kwamba hospitali watamfunga mikono kitandani. Kaka yako amerudi, amekaa mlangoni mwa chumba chake amejishika kichwa. Hata yeye Mama hamtambui.

Jana nilimwambia ukweli. Nilikaa kitandani nikasema, "Mama, mimi ni mkwe wako, ndiye nilikuwa nakulisha miezi yote hii." Nilidhani nikiwa mkweli Mungu atanisaidia. Akasema, "Sawa, umesema vizuri. Sasa mwite mwanangu." Hakukasirika hata. Nilitoka nikaenda kulilia kwenye vitambaa vya watu.

Sikuombi unisamehe mimi, hiyo iache. Wala siombi tena manukato. Njoo wewe. Una haki ya kukataa, umeniambia na nimekuelewa. Lakini kama kuna neno unataka kulisikia kwa kinywa chake, au la kumwambia usoni, usiliache likapita.

Na kama tatizo ni kunitazama mimi, nitakuondolea. Siku utakayokuja nitakuwa kwa dada yangu. Nitarudi ukishaondoka.

Wifi yako


Karakana, 11 Aprili

Wifi,

Kitambaa chako kilifika tarehe mosi jioni. Asubuhi yake, kabla sijakaa kukuandikia yale niliyokuandikia, nilikuwa nimeshatoa kinu kabatini nikasaga airisi. Sikukuambia kwa sababu nilitaka ukae na wasiwasi. Nimekuambia sasa.

Nililinganisha na kitambaa mara kumi na moja. Vanila nilikuwa nimeimwaga kuliko nilivyokumbuka. Yamekaa gizani siku tisa tu, bado mabichi, spiriti inachoma pua. Pua ameyanusa, nikangoja matusi. Ameuliza ni ya nani, nikasema ya mama yangu, akasema basi usiyaguse, na akanipa ruhusa ya wiki.

Naja nayo. Keshokutwa nitakuwa hapo. Nenda kwa dada yako.

Wifi yako


Nyumbani, 17 Aprili

Wifi,

Naiacha barua hii chini ya mguu wa cherehani yako. Kaka anasema unarudi kesho, na basi langu linaondoka leo saa nane mchana.

Utataka kujua kwanza kama yu hai. Yu hai. Anakula. Presha imeshuka, muuguzi amekuja mara mbili. Sasa soma mengine ukiwa umetulia.

Nilipofika sikujipaka kitu. Niliosha mikono mpaka viwikoni kwa sabuni yetu ya kazini isiyo na harufu, kwa sababu nilitaka anijue mimi bila msaada wa chupa. Nilikaa ukingoni mwa kitanda. Amekuwa mdogo sana, hukuniambia. Nikasema, "Mama, ni mimi." Akageukia ukutani. "Muuguzi, nimeshakwambia sitaki sindano." Nikamwambia mimi ni Kinda. Akasema, taratibu kabisa, "Binti yangu usimchezee. Yeye nikimsikia namjua." Nilikwenda bafuni nikalia kwa sauti. Kaka alisikia, akaongeza redio. Ndiyo heshima yake.

Kisha nikafungua chupa. Nilijipaka shingoni na viganjani. Miaka sita nilikuwa nimeogopa kwamba nikiinusa tena nitamwona Baba kwenye kiti, na kweli nilimwona, ila alikuwa anacheka, ananiuliza ule unga utaiva lini.

Niliporudi chumbani Mama alinyanyua kichwa kabla sijafika katikati. "Kinda. Siku zote hizi ulikuwa wapi? Na leo umejipaka manukato hayajakaa." Fikiria. Haoni, amepooza nusu, hajala siku sita, na ananikosoa kazi. Pua mwenyewe asingesema zaidi. Akanywa maziwa kikombe kizima, akameza dawa zote tatu, akalala ameshika kidole changu.

Wifi, nilikuja kudai, nisikudanganye. Nilitaka anirudishie yale uliyoyasikia wewe, neno kwa neno, niyasikie kwa masikio haya. "Daktari aliniita. Nilijua. Nisamehe." Baada ya hapo ningeamua. Siku mbili nilimlisha nikingoja. Alizungumza habari za mapazia. Alizungumza habari za mwanamke mmoja aliyemwazima sufuria. Siku ya tatu nikaona nikingoja zaidi nitaondoka mikono mitupu.

Nilikuwa namwogesha. Nikasema, "Mama, kuhusu Baba. Yale uliyosema siku ya maziko."

Akanidaka mkono ukiwa na povu. "Si tulishayamaliza? Hapahapa, ulikuwa unaniosha mgongo. Nilikuomba ukanisamehe." Akaukaza mkono wangu. "Au ulinidanganya?"

Anasahau kama amekula. Hilo hakulisahau.

Alikuwa amegeuza uso kunielekea, macho yanatazama bega langu. Maji yalikuwa yanapoa kwenye beseni. Nilikuwa nimejaa hasira hadi hapa, juu yake, juu yako, na juu ya kaka na redio yake. Nilikuwa na maneno tayari mdomoni: aliyekusamehe si mimi. Yalikuwa ya kweli na yalikuwa haki yangu. Nikaona mabega yanamtetemeka. Nikadhani ni baridi, nikaongeza maji ya moto, yakaendelea kutetemeka. Alikuwa ananiogopa. Miaka sita nimebeba hofu nikidhani iko upande wangu tu.

Nikasema, "Sikukudanganya, Mama. Nilikusamehe."

Akasema, "Basi nimwagie maji, sabuni inanikauka."

Ndivyo ilivyokwisha. Nilichokifuata sikukipata, na sitakipata tena, kwa sababu kwake kesi imefungwa. Niliposema sikuwa na hakika kama namaanisha. Nilisema kama ulivyosema wewe, ili mtu apumue. Mchana nilikuwa namkata kucha za miguu, na nikautafuta ule uchungu niliozoea kuamka nao. Upo. Umepungua, na mahali ulipopungua sijui niweke nini.

Bado nimekukasirikia, na itachukua muda wake, usinibembeleze. Lakini nimemvua nguo nikamtazama mwili mzima. Mgonjwa wa kulala mwaka mzima, hana kidonda hata kimoja. Nilisoma uuguzi mwaka na nusu, najua hiyo ni kazi ya usiku na mchana. Kovu la supu pajani mwako sijapata nafasi ya kuliona, kwa hiyo nimekuachia juu ya friji mafuta ya kulipaka.

Chupa mbili ziko kwenye kabati la vitambaa, mbali na dirisha. Moja itumie sasa, atalalamika kwamba ni mbichi, mwache alalamike. Ya pili usiifungue kabla ya mwisho wa mwezi. Kipimo nimekiandika kwa kalamu nyekundu na kukibandika ndani ya mlango wa kabati, cha kwake hasa, na vanila yake yote. Mimi nitakuja kila baada ya wiki sita. Namba yako nimeifungulia kwenye simu yangu.

Na jambo moja la mwisho. Kichwa chake kinakwenda na kurudi, na siku moja utakuwa unamwogesha atakuuliza tena kama amesamehewa. Usibabaike, wala usimwambie angoje. Mara ya kwanza ulimjibu bila kuniuliza. Safari hii nakuomba mimi. Mwambie ndiyo.

Wifi yako